Mkuu wa Shule Hawezi Peke Yake



Wengi wetu humkumbuka mkuu wa shule siku anapotuita mkutanoni. Lakini kazi yake ni kubwa. Leo nitakueleza habari za mkuu wa shule mmoja aliyefanya kazi Tabora, mkoa jirani na wetu wa Shinyanga.

Jina lake lilikuwa Barbro Johansson. Alizaliwa Sweden mwaka 1912. Mwaka 1946 alikuja Bukoba kufundisha. Akawa mkuu wa shule ya wasichana ya Kashasha. Siku hizo wazee wengi waliona kumsomesha binti ni kupoteza mali. Yeye hakukubali.

Mwaka 1959 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Nchi ilipata uhuru mwaka 1961. Mwaka uliofuata akawa raia wa Tanganyika. Watu wakamwita Mama Barbro.

Mwaka 1965 akawa mkuu wa Shule ya Sekondari ya Wasichana Tabora, ambayo ni shule ya serikali. Aliiongoza hadi mwaka 1970. Alifariki mwaka 1999. Leo iko shule ya wasichana yenye jina lake huko Luguruni, Dar es Salaam.

Mkuu wa shule ya bweni ni kama mama mwenye nyumba kubwa. Chakula kikipungua, yeye huulizwa. Mtoto akiugua usiku, yeye huamshwa. Walimu wakikosana, yeye huwapatanisha. Mitihani ikifika, yeye huilinda.

Lakini kazi yake ina mpaka. Anaweza kumlinda mtoto aliye shuleni. Hawezi kumfundisha mtoto aliyezuiwa nyumbani.

Tujiangalie sisi wa Mhunze na vijiji vya Kishapu. Mwaka 2016 serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne. Mwaka 2022 iliondoa ada ya kidato cha tano na cha sita. Tena, kwa sheria ya mwaka 2016, mtu akimwoa mwanafunzi au kumpa mimba, hufungwa miaka 30. Hata hivyo, mazungumzo ya mahari hufanyika nyumbani, mbali na macho ya mkuu wa shule. Palizi ya pamba ikianza, mtoto huambiwa, "Leo usiende shule." Siku moja huwa wiki. Wiki huwa mwezi.

Mimi ni bwana shamba. Nimeona ng'ombe wakifa kwa ukame hapa hapa Kishapu. Ng'ombe wa mahari nao hufa. Elimu ya binti haifi kwa ukame.

Ndugu mzazi, sasa unajua kusoma. Zamani barua ya mkuu wa shule ulisomewa na mtoto mwenyewe. Kama iliandikwa "mtoto wako ni mtoro", je, alikusomea hivyo? Leo ifungue uisome mwenyewe. Tazama daftari lake. Nenda shuleni uulize amehudhuria siku ngapi. Ukisikia binti wa jirani anataka kuozwa, mweleze mtendaji wa kijiji mapema.

Mkuu wa shule ameshika upande mmoja wa mzigo. Upande wa pili ni wako. Ushike.