Jua la Dodoma lilivyoua tumbawe

Wiki hii unisamehe, sina habari za harusi wala za muziki. Nina habari ya msiba mdogo uliotokea sebuleni kwa mshikaji wangu, pale Area C, Dodoma. Na muuaji ni mimi.

Usishtuke. Marehemu alikuwa tumbawe.

Najua unajiuliza, matumbawe Dodoma yanatafuta nini? Huku ni nchi ya zabibu na vumbi, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Lakini mshikaji alifanya kazi Dar miaka mingi, na alipohamishiwa nyumbani aligoma kuachana na bahari. Akaweka tanki la kioo la lita 200, akakoroga maji kwa chumvi maalumu ya pakiti, akatia samaki wawili na matumbawe laini matatu. Yalikuwa ya kukuzwa kwenye tanki, siyo ya kung'olewa baharini.

Wageni walipenda, we acha tu. Tatizo lilikuwa taa. Juu ya tanki alifunga balbu ile ile ya sebuleni, ya njano. Baada ya wiki chache matumbawe yakaanza kusinyaa. Mshikaji akaniita.

Mimi, mtaalamu wa Kidato cha Nne, nikashika kidevu. "Kaka, haya yana njaa ya mwanga. Jua la Dodoma ni la bure, sogeza tanki dirishani."

Tukachota maji nusu, tukasukuma, tukajaza tena. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, na unajua Oktoba ya Dodoma ilivyo. Siku ya tatu kipimajoto ndani ya maji kilisoma nyuzi 31. Tumbawe moja lilikuwa jeupe kama chaki. Wiki iliyofuata likayeyuka, likawa ute unaonuka. Mshikaji hakunitukana. Alikaa kimya tu, na hilo liliniuma zaidi.

Nikaona njia ya kuomba radhi ni moja, nikatafute taa ya kweli. Treni ya SGR imekuwa ikifika Dodoma tangu 2024, kwa hiyo asubuhi nilikuwa naangalia mbuyu na vilima vikipita dirishani, na mchana nilikuwa Dar natoka jasho.

Kabla ya dukani nilitaka kuona matumbawe yanaishi kwenye mwanga gani huko kwao. Kesho yake nikapanda boti upande wa Kunduchi hadi kisiwa cha Mbudya, ambacho ni hifadhi ya bahari tangu 1975. Nikavaa miwani ya kuzamia na mrija, nikatia kichwa majini. Kijana aliyenipeleka alipiga mbizi mbele yangu. Alikuwa na bukta nyekundu ya kung'aa, lakini alipofika chini wekundu ulikuwa umefifia, unaelekea kahawia. Kila kitu kimeingia ubluu.

Hapo nikapata somo. Maji hula rangi nyekundu kwanza, na bluu ndiyo inayofika mbali. Tumbawe nalo siyo jiwe wala mmea. Ni mnyama, na ndani ya mwili wake amewapangisha mwani wadogo wasioonekana kwa macho. Hao mwani hutumia mwanga kutengeneza chakula, usanisinuru ule ule wa darasani, kisha humlipa mwenye nyumba kwa sukari. Mwanga wenyewe wanautaka hasa ule wa bluu. Ile balbu ya njano ilikuwa inawalaza na njaa.

Na dirisha je? Dirisha liliwavimbisha. Joto na mwanga vikizidi ghafla, mwani hugeuka sumu kwa mwenye nyumba, naye huwatimua. Ndiyo maana tumbawe hubaki jeupe. Mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipata joto kupita kiasi, na matumbawe yakapauka eneo kubwa, yetu ya Tanzania yakiwemo. Sisi tulifanya kazi hiyo hiyo sebuleni kwa siku tatu.

Basi nikaingia madukani nikiwa na akili mpya. Taa ni za aina tatu. Kuna zile kubwa za gesi, za wati 250. Zinamulika vizuri, lakini zinachemsha maji, na ukiziwasha saa 9 kwa siku zinakula zaidi ya uniti 2 za LUKU. Kuna tyubu nyembamba za T5, mwanga wake umetandaa vizuri, ila hufifia na huna budi kuzibadilisha kila baada ya mwaka hivi. Halafu kuna LED. Hizi hutoa joto kidogo, na unaweza kupunguza au kuongeza bluu na nyeupe kila moja peke yake. Ya wati 100 kwa saa hizo 9 haifiki uniti moja. Kwa Dodoma ya Oktoba sikufikiria mara mbili, nikachukua LED.

Niliporudi, mama wa mshikaji alikuwa kibarazani. Nikamwamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi, mama." Akaitikia, kisha akaitazama taa. "Mwanangu, kwa hiyo hayo mawe yenu yanakula umeme?" Nikamwambia ndiyo mama, ila siyo mwingi.

Tulirudisha tanki kwenye kona yenye kivuli. Taa tukaining'iniza juu kidogo ya maji, bluu nyingi, nyeupe kidogo, nguvu robo tu. Kila wiki tukaongeza kidogo. Swichi ya saa inaiwasha na kuizima yenyewe, saa 9 kwa siku, maana hata tumbawe linahitaji usiku. Maji tuliyarudisha kwenye nyuzi 26.

Ilipita karibu mwezi mzima bila dalili. Halafu jioni moja mshikaji akanipigia simu, hata salamu hakutoa. "Njoo uone." Nilikuta yale mawili yaliyobaki yamefungua vidole vyao, yanacheza na mkondo wa maji. Mama alikuwa amevuta kigoda, ameketi mbele ya kioo.

Nawe ukitaka tanki lako, usibebe tumbawe kutoka ufukweni au hifadhini. Yale magumu yamo hata kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kuyavusha mipaka bila kibali ni kesi. Tafuta ya kufugwa, yenye karatasi zake. Na nunua taa kwanza, tumbawe baadaye. Mimi nilianza kinyume.

Haya, tukutane wiki ijayo.