Denmark Street: Mtaa Mfupi Ulionimalizia Pauni

London ina mitaa mirefu mpaka unaota sugu, lakini uliokula hela zangu ni mfupi kupindukia. Unaitwa Denmark Street. Ukishuka treni kituo cha Tottenham Court Road na kushika barabara ya Charing Cross, hujamaliza kutafuna karanga zako umeshafika, na ukizubaa umeshaupita.

Mie si mpiga gita, nilitumwa. Mdogo wangu anapiga solo kwenye bendi moja ya Dar, wanapiga Kinondoni, na gita lake lilikuwa na kasheshe. Akibonyeza ule mkono wa kutikisa sauti mara mbili tatu, nyuzi zinapoteza tyuni, solo linakwenda mrama mbele ya watu waliolipa kiingilio. Kiongozi wa bendi akamwambia kavu kavu: likirudia tena Idi Pili, kuna kijana mwingine anasubiri nafasi. Aliposikia nasafiri akanipigia. "Kaka, niletee vikaza nyuzi vile vya kufunga. Sita. Nitakulipa." Hiyo ya kulipa tuiache kwanza.

Kwa wasiojua, vikaza nyuzi ni vile visikio vya kwenye kichwa cha gita. Vya kawaida unauzungusha uzi kwenye kijiti chake mizunguko kadhaa, na mizunguko hiyo ndiyo inayolegea ukiutikisa mkono. Hivi vya kufunga vina kipini ndani ya kijiti, unakikaza kwa gurudumu dogo lililoko nyuma, kinaubana uzi palepale. Hata nusu mzunguko unatosha, na uzi ukikatika jukwaani unabadilisha upesi, wimbo haujapoa.

Mtaa wenyewe sio ule wa hadithi za wazee. Namba 4 palikuwa na studio ya Regent Sound, ambako Rolling Stones walirekodi albamu yao ya kwanza mwaka 1964. Klabu ndogo ya 12 Bar ilifungwa mwaka 2015, na pembeni yameota majengo mapya yenye skrini kubwa kama ukuta wa ghorofa. Lakini magita bado yananing'inia madirishani, na vijana bado wanaingia kujaribu gita ambalo unajua kabisa hawalinunui.

Nikaingia duka la kwanza kifua mbele. Naomba vya kufunga, sita. Muuzaji akaniuliza maswali kama polisi. Vyote upande mmoja, au vitatu huku vitatu kule? Tundu milimita ngapi? Nyuma kuna skrubu au vipini? Bahati nzuri dogo ana akili kuliko mie. Alikuwa amenipa kipande cha boksi la sabuni, amechora kichwa cha gita kwa nyuma, kila tundu mahali pake: sita mstari mmoja, milimita 10, na tundu la skrubu moja limekaa kimshazari. Laiti ningekwenda mikono mitupu ningerudi na vitatu vinavyotazama Makka na vitatu vinavyotazama Morogoro.

Akatandika kitambaa juu ya kaunta. Sperzel za Marekani, nzuri, nyepesi, lakini hazikai kwa skrubu ile, zina kipini chake, maana yake kutoboa mbao upya. Nikamwona fundi wa mtaani kwetu na dirili lake, nikasema hapana. Fender za vipini viwili, yale yale. Zikabaki Schaller ya Kijerumani na Gotoh ya Kijapani, zote zina sikio la skrubu. Ile Gotoh hujibana yenyewe ukiwa unazungusha, hauna haja ya gurudumu. Nilipouliza bei, nikaomba anirudie polepole.

Hapo ndipo yule bwana akanishangaza. Badala ya kunikandamiza ninunue, akauliza: dogo ameshapaka penseli? Penseli gani tena? Akanieleza kwamba mara nyingi mchawi si kikaza, ni kile kipande chenye mifereji ambamo nyuzi hupita zikiingia shingoni. Uzi ukikwama mle, ukiutikisa haurudi mahali pake, hata ufunge na kufuli ya benki. Unasugua ncha ya penseli kwenye mfereji, unateleza.

Nikasimama pale nawaza. Penseli ni bei ya andazi. Lakini nikirudi Dar na penseli tu, halafu Idi Pili nyuzi zilegee, dogo anapoteza kazi na mie napoteza ndugu. Nikalipa Gotoh. Penseli nikanunua duka la magazeti.

Kuzifunga hakukuchukua hata saa moja. Spana, bisibisi, skrubu zikaingia kwenye matundu yale yale, penseli ikafanya yake. Idi Pili nilikaa meza ya mbele, soda mkononi, nikihesabu kila alipougusa ule mkono. Mara tisa. Mara ya saba nikaona anakunja uso, anauzungusha uzi wa tatu kidogo tu kwa vidole viwili, anaendelea. Waliokuwa wakicheza hawakujua lolote. Kiongozi wa bendi alijua, maana aligeuka, akamtazama, halafu akamwashiria arudie solo.

Penseli siku hizi inakaa mfuko wa shati lake. Hela yangu bado naisubiri.