Gerezani, mahali masega ya gari yanapokatwa

Jumamosi asubuhi mitaa ya Gerezani, Dar es Salaam, inanuka chuma cha kuchomelea. Muuza kahawa anapita akigonganisha vikombe. Kwenye gereji moja, baba ameleta gari lifungwe bomba la moshi lenye muungurumo. Mwanawe amesinzia kiti cha nyuma.

“Bosi, na masega niyatoe? Gari litakuwa jepesi,” fundi anauliza.

Masega yameitwa hivyo kwa vitundu vyake, mfano wa sega la nyuki. Yamepakwa madini kama platinamu, na hugeuza kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu, kuwa kaboni dayoksaidi. Uingereza, gari la petroli lililotoka kiwandani na masega likipelekwa bila hayo, halipiti ukaguzi wa mwaka.

Yakikatwa, sumu hiyo hutoka ilivyo. Kiungo kikivuja, huweza kuingia hadi ndani ya gari, na mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima.

Baba anageuka, anamtazama mwanawe. “Yaache, fundi. Angalia tu panapovuja.”

Mzazi, kabla ya kulipa, kagua viungo vyote. Mtoto asubiri nje, mbali na moshi.