Hewa Chafu Iko Jikoni

Ukisikia "hewa chafu" bila shaka unafikiria matatu na malori ya Nairobi yakitema moshi. Lakini katika nyumba nyingi za mashambani, hewa chafu kuliko zote imo jikoni, juu ya mafiga matatu.

Aliyenifumbua macho ni mtafiti Majid Ezzati. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alifanya kazi papa hapa Kenya, katika ranchi ya Mpala, Laikipia. Si kuhesabu ndovu, la! Alipima moshi wa kuni. Yeye na wenzake walichagua nyumba 55, wakapima chembechembe zilizomo hewani, wakaandika nani yuko wapi moto unapowaka na nani anaugua kifua. Matokeo yake na Daniel Kammen yalitolewa katika jarida la The Lancet mwaka 2001.

Kwamba avutaye moshi mwingi huugua zaidi, hata nyanya yangu analijua. Ajabu ni kwamba ugonjwa huongezeka haraka moshi ukiwa bado mdogo. Ukishakuwa mzito sana, ongezeko hilo hupungua kasi. Maana yake, jamani, nyumba iliyojaa moshi ikipunguziwa kidogo tu, faida ni haba. Sharti upungue sana. Tena waligundua kuwa kupima wastani wa moshi wa nyumba hakutoshi, kwani mpishi huinama pale pale moto unapochochewa, akapata ule mzito wenyewe. Ndiyo sababu akina mama huumia kuliko wanaume.

Basi likizo ya Agosti nikamweleza nyanya. Binamu yangu wa miaka miwili ameshatibiwa nimonia mara mbili mwaka huu, na nyanya hupika akiwa amembeba mgongoni.

"Nyanya, mtoto asikae hapa ukipika."

"Nimweke wapi, mjukuu wangu? Darini?"

Nilinyamaza. Nje kuna mvua, na mama yake yuko kibaruani. Nikataja gesi. Akaniuliza mtungi ukiisha nani ataujaza, nikanyamaza tena. Wataalamu wana vipimo vyao, lakini swali hilo la nyanya nalo ni la kisayansi, mnaonaje?

Tulikubaliana tukatoboa dirisha la pili, na kuni zianikwe juani kwanza. Mtoto nikambeba mimi likizo yote. Shule zilipofunguliwa alirudi mgongoni.