Kijani kilichomeza mstari wangu

Leo nina kisa cha rangi.

Chama kimoja cha akiba na mikopo kiliniomba niwatengenezee programu ndogo ya kupiga hesabu ya riba ndani ya Excel, kwa VBA. Msiicheke. Ni kitukuu cha BASIC, lugha iliyozaliwa chuoni Dartmouth, Marekani, mwaka 1964, na bado inafanya kazi katika ofisi nyingi.

Kihariri chake hupaka maneno ya lugha buluu, maelezo ya mwandishi kijani, na mstari wenye kosa la sarufi huwa mwekundu pindi unapoutoka. Maelezo huanza kwa ritifaa. Yangu yalikuwa mistari miwili. Nikafuta wa pili, kikabaki hiki:

' Aliyelipa mapema apunguziwe riba _
If KalipaMapema Then Riba = Riba - Punguzo

Mmeona kile kistari cha chini? Kikitanguliwa na nafasi, huiambia VBA kwamba mstari bado unaendelea. Sikujua kwamba hata maelezo huendelea hivyo. Basi amri yangu ikageuka maelezo, ikawa kijani, na programu ikaendelea kufanya kazi bila kulalamika.

Aliyelalamika ni mama mmoja mwanachama, aliyekuja na daftari lake. "Kijana, nimelipa kabla ya tarehe. Mbona riba ni ile ile?" Mweka hazina alimjibu kwamba kompyuta haikosei. Mimi nilinyamaza, na hadi leo naona aibu. Jioni nilikagua hesabu zote kabla ya kuiona rangi, ambayo ilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Kesho yake tulimrudishia mama pesa zake, yeye na wenzake wote waliolipa mapema.

Sasa sikieni kinyume chake. Faili hilo hilo nililifungua katika kihariri kingine, cha lugha nyingi. Kilipofika kwenye "Mkopo wa ng'ombe", kikadhani ritifaa ya ng'ombe inaanzisha maelezo, kikapaka kijani mpaka mwisho wa mstari. VBA yenyewe haina shida hapo, kwa sababu ritifaa iliyo ndani ya alama za kunukuu ni herufi tu.

Kihariri cha VBA hupaka rangi kwa kuusoma mstari jinsi lugha yenyewe inavyousoma. Kile kingine hubahatisha kwa kutafuta alama. Kwa hiyo kabla ya kuamini au kupuuza rangi, jiulize nani kaipaka. Na mtu akija na daftari, hesabu naye kwanza.

Je, wewe rangi zimewahi kukuchezea? Haya, tukutane tena.