Akili Mnemba na Barua ya Kondoa

Mmetuuliza sana mbona kimya, na wengine mmesema harusi imetumeza. Harusi ipo kweli, inshaAllah mfungo pili, na hina na singo tutazileta hapa na picha zake. Lakini leo tuna la ofisini, na tunamuomba bi harusi mtarajiwa asiliruke. Wengi wenu mnaolewa huku mna ajira mkononi, na hili litakufikeni kwenye meza zenu kama lilivyotufika sisi.

Kwa wageni: sisi ni watatu, watoto wa Unguja, kazi zetu ziko Dodoma. Tumepanga nyumba moja. Tumezoea vumbi la Agosti na baridi ya asubuhi ambayo ukimsimulia mtu wa Mkunazini haamini, na kila Idi tunapanda treni ya SGR mpaka Dar, kisha boti mpaka Malindi. Ofisi hatuitaji jina. Ni ofisi ya umma kama nyengine zilizohamia huku baada ya tangazo la 2016: ina masjala, ina wahasibu, ina makatibu muhtasi, madereva na wahudumu.

Basi tukaambiwa yanakuja mafunzo ya akili mnemba. Tulicheka. Mtu wa kisiwani ukimtajia Mnemba anaona kile kisiwa cha mbele ya Matemwe, watalii na pomboo. Mmoja wetu alimuuliza mkuu wake kama tunakwenda kwa boti.

Tulikaa ukumbini watu zaidi ya mia, siku moja, slaidi za Kiingereza, mkufunzi hodari wa maneno. Alituonyesha mashine ikitunga shairi. Alituonyesha simba aliyevaa suti. Tukapiga picha ya pamoja, tukapewa vyeti, tukala biriani. Madereva hawakualikwa, wala wahudumu, wala mama wa masjala, ambaye amekaa na mafaili zaidi ya miaka ishirini. Hayo si ya kada yenu, waliambiwa. Jioni ile kila aliyekuwa ukumbini alikwishaipakua programu kwenye simu yake, na hakuna aliyetwambia tusiiulize nini.

Ndani ya mwezi barua zote za ofisi zikaanza kufanana. Zote "kwa heshima na taadhima", zote na aya tatu, hata ya kuomba karatasi za kuchapia. Kila mtu akiitumia, na kila mtu akiificha, kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani.

Sasa barua yenyewe. Mwenzetu anayeolewa ni katibu muhtasi. Siku hiyo alikuwa na barua kumi na moja za kujibu, na moja ilikuwa ya mjane wa Kondoa. Marehemu mumewe alikuwa mtumishi wetu, na mama wa watu alikuwa anauliza afuate njia gani kupata haki za mumewe. Bi harusi wetu akabandika ile barua nzima kwenye programu, akaiambia imjibu na iorodheshe nyaraka zinazotakiwa. Ikajibu vizuri mno. Ikataja hati moja ambayo lazima ailete mwenyewe, kwa mkono wake, ndani ya siku 30, na ikataja kifungu cha sheria, na namba yake. Aliona ina mpangilio, akatuonyesha. Tuliisoma wote watatu. Tukasema mashaallah. Mkubwa akasaini, muhuri ukagongwa.

Kifungu kile hakipo. Hati ile haitakiwi na mtu yeyote.

Yule mama alikuwa ndani ya eda. Wiki ya sita. Mnajua eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na hatoki ila kwa haja. Sisi tulimtengenezea haja. Alikopa nauli, akapanda basi la alfajiri, zaidi ya kilomita 150, akafika mapokezi na barua yetu imo ndani ya mfuko wa nailoni, imekunjwa vizuri. Mama wa masjala akaisoma mara moja tu, akasema, "Hii si barua yetu." Tukamwambia ni yetu.

Tulimuomba radhi. Mmoja wetu, kwa kutafuta pa kujificha, akamuuliza kama huko hakukuwa na mtu wa kumuuliza kwanza. Akatutazama wala hakukasirika. "Wanangu," alisema, "mimi niliona muhuri."

Tulichanga nauli, ile ya kuja na ile ya kurudi, tukamtafutia gari siku ile ile ili usiku umkute nyumbani kwake. Usiku huo hatukupika.

Asubuhi mkubwa akataka kupiga marufuku kila kitu. Tulimuelewa, lakini tulijua marufuku ingeirudisha mafichoni tu, nako ndiko ilikotokea barua. Tena hii kitu haiondoki. Mahakama ya Tanzania yenyewe, baada ya sheria ya 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, imeleta mfumo wa akili mnemba wa kunukuu na kutafsiri yanayosemwa kwenye mashauri. Kwa mtazamo wetu, jambo la kuuliza lilikuwa nani alifunzwa, na alifunzwa kwenye kazi gani. Mtu pekee aliyeikamata ile barua kwa macho ndiye aliyeambiwa mafunzo si ya kada yake.

Nyinyi mnajua namna mwari anavyofundwa. Hawekwi ukumbini na wenzake mia akaonyeshwa slaidi. Somo wake anakaa naye, anamjua, anamuona mikono yake inavyofanya, anamwambia hapana, rudia. Tukasema tujaribu hivyo. Kila Jumatano baada ya Adhuhuri, saa moja, chumba cha masjala, anakuja anayetaka, wa kada yoyote. Sharti moja: njoo na kazi yako ya wiki hii. Simba wa suti haruhusiwi.

Kijana mmoja wa Chuo Kikuu cha Dodoma, mpwa wa mhasibu wetu, alikuja Jumatano ya kwanza akatueleza kwa Kiswahili kile ambacho hatukuambiwa kwa Kiingereza. Programu hizi zimelishwa maandishi mengi mno, na zinapanga neno baada ya neno kwa kufuata linaloelekea kufaa. Ukiiuliza hivi hivi, si lazima iwe imefungua kitabu cha sheria. Namba ya kifungu inaitoka kwa wepesi ule ule wa salamu. Kwa hiyo kama unataka barua ifuate kanuni, iwekee kanuni yenyewe mbele yake, uiambie isitoke nje ya hapo, kisha mtu aifungue kanuni na kidole chake akague. Mama wa masjala alisikiliza, akasema, "Kumbe ni kama mgeni wa ofisini anayeona aibu kusema sijui." Hatujasikia maelezo bora kuliko hayo.

Kubwa zaidi, wapenzi, wala si kile kifungu. Ndani ya ile barua tuliyoibandika kulikuwa na jina la marehemu, namba ya faili lake, na maradhi yaliyomuua. Tuliyapeleka yote hayo kwenye programu ya bure ya kampuni ya ng'ambo. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ina Tume yake. Ukumbini haikutajwa hata mara moja. Lakini hata bila ya sheria, sisi tumelelewa kwamba muosha maiti hasemi alichokiona. Hilo lilitunyima usingizi na bado linatunyima. Siku hizi kabla ya kubandika chochote tunafuta jina, simu, namba ya faili, kijiji, maradhi. Tunaandika "Mtumishi A". Na kuna mafaili hayaingii humo kabisa, hata yakiwa yamefutwa majina.

Tusikudanganyeni kuwa kila mtu amekuwa fundi. Mhasibu mmoja alikuja mara mbili akaacha. Mkubwa mmoja anamtuma katibu wake amsomee kisha amuhadithie. Dereva mmoja mzee alijaribu kuisemesha Kigogo, haikumuelewa, akaifunga simu kwa dharau. Na Kiswahili chake wakati mwengine ni cha kutafsiriwa, kinakwaruza sikio. Ila wenzake wawili madereva sasa wanaisemea safari zao na mafuta kwa sauti, inawapangia jedwali, wanakagua kilomita kwa kuangalia gari. Mhudumu wetu, ambaye kila akitaka kuandika barua ya likizo alikuwa analipia dukani kwa mchapaji, ameandika ya kwake mwenyewe. Aliisoma mbele yetu huku anatetemeka. Mama wa masjala yeye kazi yake ni kuitega: anaiuliza mambo anayoyajua, na ikikosea anafurahi kama aliyeshinda bao. Daftari lake la makosa limefika nusu. Sisi tunaliona hilo daftari lina thamani kuliko vyeti vyetu vyote.

Bi harusi wetu je? Alitaka kuacha kazi. Ukweni nako walikwisha kusikia kwamba makatibu muhtasi wataondolewa na mashine, na wifi mmoja akauliza kwa simu, kwa utani usio utani, kama mshahara utafika mfungo pili. Alilia. Wiki tatu hakuigusa programu, akiandika kila kitu kwa mkono. Aliyemrudisha ni mama wa masjala, alimkalisha karibu yake na barua moja moja, sheria imefunguliwa mezani. Sasa yeye ndiye anayewakalisha wengine. Hatujui kada yake itakuwaje miaka kumi ijayo, na anayekwambieni anajua muulizeni ameona wapi.

(Na kwa maharusi: alipotengeneza kadi aliiomba aya ya ndoa. Ikampa ile ya Suratur Rum, aya ya 21, lakini ikaandika ni ya sura nyengine. Ustadhi ndiye aliyeona, kadi hazijachapwa, alhamdulillah. Aya na hadithi kagueni kwenye msahafu na vitabu, au muulizeni mwenye elimu.)

Mwezi uliopita yule mama wa Kondoa alikuja tena. Eda imekwisha, amevaa kanga mpya, na safari hii tulimpigia sisi simu kumuuliza siku gani inamfaa, kwa sababu kulikuwa na fomu ya kusaini. Barua yake ya pili aliiandika bi harusi wetu, programu ikimsaidia mpangilio, jina halikuingia humo, na kanuni ilikaguliwa na watu wawili. Tulimkabidhi kwa mikono miwili. Akaitazama, akautazama muhuri, kisha akampa mama wa masjala.

"Nisomee wewe," alisema.

Akamsomea yote, kuanzia tarehe mpaka saini. Sisi tulisimama tukasikiliza.