Mgomba Ndani ya Nyumba: Taa ya Rangi Gani?

Sisi watu wa Kivu hatuna haja ya kufundishwa mgomba ni nini. Tumekaa chini ya kivuli chake, tumefunika chungu kwa majani yake, tumekunywa kasikisi yake. Lakini mgomba wa kukaa ndani ya nyumba, chini ya taa, ni habari ngeni. Mimi niliiona Ubelgiji nilipokwenda huko kwa masomo. Naiandika hapa kwa sababu ndugu zetu wengi wanakaa Ulaya, na wengine wanatupa feza kwa taa zisizowafaa.

Mama mmoja mjane, mzaliwa wa Butembo, anakaa Bruxelles katika ghorofa ya saba. Wajukuu wake walizaliwa huko, nao ndizi waliijua ya dukani tu. Basi alinunua mgomba mfupi katika chungu, wapate kuona jani linavyotoka likiwa limeviringika, kisha likafunguka. Katika miezi ya joto mgomba ulisitawi karibu na dirisha. Mwezi wa kumi na moja ukaanza kudhoofika: majani mapya madogo, shina jembamba. Mama akaniambia: «Mwalimu, wewe uliyesoma, unisaidie kuchagua taa. Feza yangu ni ya taa moja tu.»

Tuone kwanza sababu. Chumba kilikuwa na joto la kutosha. Kilichopungua ni mwangaza. Kwetu, karibu na ikweta, mchana una saa 12 hivi mwaka mzima. Bruxelles, mwezi wa kumi na mbili, mchana una saa 8 tu, na jua linapita chini, mara nyingi nyuma ya mawingu. Mmea hujitengenezea chakula kwa mwangaza. Ukipungua, mmea una njaa, hata ukiumwagilia kila siku.

Dukani zilikuwako taa za LED za namna mbili. Moja ilichanganya nyekundu na buluu, ikatoa mwangaza wa zambarau. Ya pili ilikuwa nyeupe. Muuzaji aliisifu sana ile ya zambarau. Alisema kwamba jani hula nyekundu na buluu, na rangi ya majani hulitupa nje.

Maneno hayo ni nusu ya kweli. Seminarini mwalimu wetu alipitisha mwangaza wa jua katika kioo cha pembe tatu, nasi tukaona ukutani rangi zote za upinde wa mvua. Kila moja ina kazi yake katika mmea. Nyekundu hulisha sana, lakini ikiwa peke yake mmea hurefuka na kulegea. Buluu huuzuia usirefuke ovyo, jambo jema kwa nyumba yenye dari fupi. Rangi ya majani kweli inarudishwa kwa sehemu, ndiyo maana macho yetu yanaiona. Lakini sehemu kubwa yake jani huimeza, tena hupenya ndani zaidi ya jani kuliko nyingine. Na taa nyeupe ya LED ni taa ya buluu iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwangaza wake kuwa rangi nyingine. Kwa hiyo ndani yake mna chakula chote.

Nisiseme uongo: taa ya zambarau hailishi vibaya. Lakini Mama haishi shambani, anaishi chumba kimoja na mgomba wake. Chini ya zambarau jani linaonekana jeusi. Atajuaje kama limeanza kugeuka manjano? Atawaonaje wadudu wadogo mfano wa buibui, wanaopenda hewa kavu ya nyumba zenye moto? Wajukuu watasomaje mezani? Na huko Ulaya, dirisha linalotoa zambarau usiku huweza kuwafanya majirani wadhani kwamba unalima bangi!

Hata wataalamu huchagua taa kwa kufuata kazi. Katika chuo kikuu cha Leuven, tangu 1985, wanatunza zaidi ya aina 1,500 za migomba katika vichupa vidogo. Mojawapo ni Yangambi Km 5, yenye jina la mahali petu Kongo. Huko mwangaza ni hafifu na baridi ni ya digri 16 hivi, kwa sababu wanataka miche ikue polepole. Mama alitaka jambo jingine: jani kubwa, litakaloonekana vema.

Tulinunua taa nyeupe ya wati 30, iliyoandikwa 4000 K. Hesabu hiyo inaonyesha rangi: 2700 K huelekea manjano, 6500 K huelekea buluu, 4000 K ni ya katikati. Tuliitundika sentimita 30 juu ya majani, maana taa ndogo ukiipeleka mbali mara mbili, mwangaza unaofika hubaki karibu robo. Iliwaka saa 12 kwa siku, kama mchana wa kwetu, kisha giza. Kwa mwezi ilikula umeme wa kilowati-saa 11 hivi.

Mwezi wa tatu jani jipya lilitoka pana kuliko yale ya baridi, na wajukuu walilipima kwa rula. Mkungu haukutoka, wala Mama hakuutazamia.

Basi, ndugu uliye ng'ambo, ukitaka kununua taa, jiulize kwanza nani ataishi chini yake. Kama ni mgomba pamoja na watu, uchukue nyeupe, uitundike karibu, uizime usiku, na kila asubuhi utazame majani.